Mpira Uligusa Shati

Mwaka ule nilikuwa na hadi mwisho wa Julai kuoa. Tarehe hiyo sikuiweka mimi. Aliiweka baba wa mchumba wangu, huko Tanga, na alikuwa na haki yake. Nilimposa binti yake kwa barua na picha moja ya studio, nikaahidi kurudi baada ya mwaka, miaka minne ikapita. Barua ya mwisho iliandikwa na kaka wa binti, kwa wino mwekundu kama anasahihisha mtihani: "Baba amesema mwisho wa Julai. Usipotokea, yupo anayetokea."

Nilisomewa barua hiyo. Siku hizi nasoma mwenyewe, tena bila miwani, lakini wakati ule darasa langu la nne lilikuwa halitoshi kwa mwandiko wa haraka. Alinisomea Mchaga mmoja aliyekuja kusomea umeme, tuliyekuwa tukipanga naye chumba Rågsved, pembezoni mwa Stockholm. Alipofika kwenye "yupo anayetokea" akakunja karatasi.

"Kaka, hapa hakuna mjadala," akasema. "Nenda."

"Nitaenda Julai."

"Julai umepewa?"

Hapo ndipo ilipokuwa shida yenyewe.

Niliingia Stockholm mwishoni mwa miaka ya sitini nikiwa mtia mafuta kwenye chumba cha injini cha meli ya mizigo. Nilishushwa na homa ya mapafu, meli ikaondoka bila mimi. Nikatoka hospitali na koti la kupewa na maneno kumi ya Kiswidi. Mengine yote niliyonayo nimeyatafuta kwa mikono hii, na sioni aibu kulisema. Kazi niliyoipata ilikuwa kukereza miguu ya viti katika karakana iliyotengeneza viti vya shule, mwendo wa dakika kumi kutoka kituo cha treni. Nilianza kwa kufagia maranda. Mwaka wa pili nikasimama mbele ya mashine, na mwaka wa tatu hapakuwa na mtu pale aliyekuwa akitoa mguu laini kuliko wangu.

Tulikuwa watu kumi na wanane. Nusu tulikuwa watu wa mashine, nusu watu wa gundi na rangi. Viwanda vingi vya huku hufungwa Julai nzima, wenyewe wakaenda kuota jua. Sisi hatukuweza, maana shule hufunguliwa Agosti na viti lazima viwepo. Kwa hiyo upande mmoja ulipumzika Julai, upande wa pili ukapumzika baadaye, shule zikishafunguliwa na watoto wamekwisha kukaa. Na kila mtu alitaka Julai. Mswidi ukimkanyaga mguu anakuomba radhi yeye. Iguse Julai yake uone.

Mwenye karakana alikuwa mzee asiyependa lawama. Hakutaka kuchagua upande. Kwa hiyo tangu kabla sijafika walikuwa na desturi yao: Jumamosi moja ya Juni, pande mbili zinacheza, na mshindi anachukua Julai. Mchezo wenyewe ni ule wa brännboll, ambao kila Mswidi ameucheza shuleni. Unapiga mpira kwa rungu, unakimbia kuzunguka vigingi vinne, na wenzako wa upande wa pili wanaurudisha mpira kwa mtu mmoja. Akiudaka anapiga kelele, na ukiwa katikati ya vigingi umeungua. Ndivyo wanavyosema, umeungua.

Mwaka uliotangulia mchezo uliharibika. Mtu wetu mmoja alikuwa anakanyaga kigingi, na kelele ikatoka. Mguu ulitangulia au kelele ilitangulia? Hapakuwa na mwamuzi, kila upande ulijiamulia. Yakaanza maneno, baadaye mikono, na mpakaji rangi mmoja akaondoka na jino lake mfukoni. Mzee akasema mwaka unaofuata wakigombana tena, atagawa likizo mwenyewe na hatasikiliza mtu.

Ndipo Mmarekani alipojitokeza. Huyu alikuwa upande wa rangi. Alikimbia jeshi la kwao asipelekwe Vietnam, na mjini miaka ile walikuwepo wengi wa namna yake. Hakuweza kurudi kwao. Mtu wa namna hiyo ukimpa nafasi ya kuzungumzia kitu cha kwao, hanyamazi. Kila mapumziko ya kahawa alizungumzia besiboli, na zaidi ya besiboli yenyewe, jinsi kanuni zake zilivyoanza. Babu yake alikuwa na kitabu cha kanuni za zamani, na yeye alikuwa amezinakili kwenye daftari lenye madoa ya vanishi.

"Mnagombana," alituambia, "kwa sababu mnacheza mchezo ambao haujakua. Wa kwetu nao ulikuwa hivyo hivyo."

Akaeleza. Zamani kwao, kabla ya kanuni kuandikwa, ukitaka kumtoa mkimbiaji ulimpiga na mpira mwilini. Nilicheka, nikamwambia huo ni rede! Kwetu wasichana hucheza rede uani: wawili wanarusha, mmoja yuko katikati anakwepa, mpira ukimgusa ametoka. Nimewatazama dada zangu wakiucheza mpaka jua linazama, na mpira niliwafungia mimi, matambara ndani na kamba ya katani juu. Mmarekani akafurahi kama nimempa habari za nyumbani kwao.

Akasema baadaye mji mmoja wa kwao ukaandika kanuni kwamba ni marufuku kumpiga mtu. Mkimbiaji aguswe kwa mkono wenye mpira, au mpira umtangulie kigingini. Mji mwingine ukakataa, ukaendelea kupigana kwa mpira. Lakini yule aliyekataza ndiye aliyeshinda, kwa sababu ambayo mimi fundi niliielewa haraka kuliko wote: kama mpira haumpigi mtu, unaweza kuufanya mgumu. Mpira mgumu unakwenda mbali. Ukienda mbali, uwanja unakuwa mkubwa, na mchezo unageuka mwingine kabisa. Kanuni moja imeondolewa, na kila kitu kimehama.

Na nyingine. Zamani mpira ukidunda mara moja ukaudaka, aliyepiga ametoka. Baadaye wakaona huo ni uvivu, wakasema lazima udakwe hewani. Zamani aliyeshika rungu alisimama akingoja mpira anaoupenda, hata nusu saa, na mrushaji alirusha kwa chini, mkono karibu na goti, kama anamlisha. Watu wakachoka kutazama mtu anayengoja. Ndipo mwamuzi akapewa uwezo wa kumwonya: huu ulikuwa mzuri, ukiuacha tena nahesabu. Hata mwisho wa mchezo ulibadilika. Mwanzoni ilikuwa anayefika ishirini na moja wa kwanza, kwisha.

Kila kanuni, alisema Mmarekani, iliota mahali palipokuwa panauma. Maneno hayo nimeyaweka mpaka leo.

Basi kwa wiki nyingi, juu ya mkate na kahawa, watu wa mashine na watu wa rangi walipatana kanuni moja moja. Mmarekani alichanganya za mji huu na za mji ule, na alikiri mwenyewe. Mpira uwe laini, kwa hiyo kumpiga mkimbiaji ruhusa. Mmoja akitoka, upande mzima unatoka. Kudaka baada ya kudunda mara moja ni halali, maana hapakuwa na mtu mwenye glovu. Ishirini na moja ndiyo mwisho. Mpira niliushona mimi: mpira wa ndani wa baiskeli katikati, uzi wa sufu juu yake, na ngozi tuliyobakiza kwenye kiti cha mwalimu mkuu.

Ikabaki nani awe mwamuzi. Mmarekani akasema kwao zamani kila upande ulileta wake, na wa tatu alikaa kuwaamua hao wawili. Waligombana hao wawili kuliko wachezaji, mwishowe wakabakisha mmoja. Mzee wa karakana hakutaka. Mke wake hakutaka. Ndipo yule mpakaji rangi aliyepoteza jino akanielekezea kidole.

"Huyu."

"Huyu ni wa upande wao!" wenzake wakapiga kelele.

"Huyu ndiye aliyemwambia mzee kwamba miguu mia mbili ya upande wake mwenyewe ni mifupi. Na nusu aliikata yeye. Nani kati yenu angesema?"

Kweli nilisema. Nilikosea kipimo, nikakiri. Kingine ni kwamba kurusha na kupiga sikuweza, lakini kanuni zote zilikuwa kichwani kwangu. Wao walikuwa wakifungua daftari. Mimi, kwa kuwa kusoma kwangu kulikuwa kwa shida, nilikuwa nimezishika kwa sikio, moja baada ya nyingine, hata mwaka ambao kila moja iliondolewa. Kwa hiyo nikawa refa.

Palikuwa na kanuni moja iliyozua ubishi siku hiyo. Zamani, mwamuzi asipoona vizuri, aliruhusiwa kumuuliza mchezaji mwenyewe: umeguswa au hukuguswa? Na mchezaji alijibu kwa heshima yake.

"Na akidanganya?" akauliza mtu.

"Mwanzoni walikuwa makarani na wenye maduka, wanataka waonekane waungwana," akasema Mmarekani. "Kudanganya ilikuwa aibu kuliko kushindwa. Baadaye ushindi ulipokuwa kazi ya watu, kanuni hiyo ikafa."

Wakacheka, wakasema iwekwe. Hakuna aliyefikiri itatumika. Pembeni yangu alikaa Mfini, jirani yangu wa mashine. Huyu alikuwa rafiki yangu wa pekee pale, ingawa tulizungumza labda maneno ishirini kwa siku, maana Kiswidi kilimchosha yeye kama kilivyonichosha mimi. Akamaliza kahawa yake.

"Mimi mkiniuliza," akasema, "nitajibu."

Hakuna aliyemsikiliza. Hata mimi.

Habari ya Tanga sikumwambia mtu. Hilo ni kosa langu na nalikubali. Ningesimama nikasema, jamani, nisipopata Julai nakosa mke, labda wangepatana. Lakini mimi kuomba huruma sijui. Nilishaona wanavyomtazama mgeni anayeomba. Na kibali changu cha kukaa kilikuwa kinategemea kazi ile: kuondoka bila ruhusa ni kujikata mwenyewe. Nikasema moyoni, upande wetu una nguvu, tutashinda kwa halali, nitapanda ndege hadi Nairobi, basi hadi Tanga, mwisho.

Usiku wa kuamkia mchezo yule Mchaga alinikuta nikipiga pasi koti la harusi.

"Hilo unalivaa wapi?"

"Uwanjani. Marefa wa zamani walivaa koti."

Akaketi kitandani. "Kaka, nielewe vizuri. Harusi yako iko kwenye rungu la watu. Na wewe ndiye refa."

"Ndiyo."

"Sasa tatizo liko wapi?" Akacheka sana. "Mtu amepewa funguo za ghala, analala njaa!"

Nikamwambia anyamaze. Alinyamaza yeye. Maneno yake hayakunyamaza.

Asubuhi tulikuwa uwanjani saa nne, kwenye nyasi kati ya majumba na msitu. Wake za watu walikuja na chupa za kahawa na mikate ya mdalasini, na mzee wa karakana akaja na kiti chake cha kukunja. Nilisimama karibu na kigingi cha nyumbani, kile cha mwisho ambacho mkimbiaji akikifikia ni pointi, na koti langu la harusi, jua kali, jasho likinitiririka mgongoni.

"Refa anaoa leo!" akaniita mmoja wa watu wa rangi, na wote wakacheka. Hakujua alichosema.

Sitaeleza mchezo wote. Saa ya kwanza ilikwenda vizuri, watu walikimbia wakipigwa mpira matakoni na kucheka. Kadiri pointi zilivyopanda, kicheko kilipungua. Kwenye kumi na tano hakuna aliyecheka. Kwenye kumi na nane yule mpakaji rangi asiye na jino aliniita kipofu, na mtu wetu wa msumeno akamwambia afunge mdomo kabla hajapungukiwa jingine. Nikawatenga kwa mikono. Niliwaambia nikisikia tena, namtoa mtu na upande wake unacheza pungufu. Nilipaza sauti kuliko nilivyotaka. Walidhani ni hasira.

Tukafika ishirini kwa kumi na tisa, sisi tukiongoza, na sisi ndio tuliokuwa na rungu. Moja tu, ningekuwa na Julai yangu.

Mfini alikuwa kwenye kigingi cha tatu. Mwenzake akapiga mpira ukaenda chini chini kuelekea msituni. Mfini akaanza kukimbia kuja kwangu. Alikimbia kama alivyofanya kila kitu, kwa uzito, bila haraka ya kuonekana, shati lake limechomoka linapepea nyuma kama bendera. Mmarekani aliuokota mpira ukingoni mwa miti, akageuka, akaurusha kwa nguvu zote.

Niliuona mpira ukija. Naandika hapa jambo ambalo sikuwaambia siku ile. Niliuona. Uligusa shati. Haukumgusa mwili, ulipita ukaugusa upindo wa shati lile linalopepea, ukabadili njia kidogo, kiasi cha kidole, ukaanguka nyuma yangu. Mfini akakanyaga kigingi.

Watu wa mashine wakaruka juu. Watu wa rangi wakaja wote wakikimbia.

"Uligusa!"

"Haukugusa!"

"Refa! Refa, sema!"

Kanuni niliijua. Shati ni mwili, tulikwisha kukubaliana wiki tatu nyuma, mezani. Nilitakiwa kusema neno moja. Nikaona wino mwekundu. Nikamwona mtu nisiyemjua, yule anayetokea, akiingia kwenye nyumba ya Tanga kwa kanzu safi.

Na hapo nikafanya kitu ambacho ni kibaya kuliko uongo. Nikasema, "Sikuona vizuri. Nitamuuliza mwenyewe."

Hata wake za watu waliacha kumimina kahawa. Mtu mwenyewe alikuwa rafiki yangu, wa upande wangu, mwenye Julai yake pia hatarini. Alikuwa na kibanda kwao Ufini kando ya ziwa ambacho mwaka uliopita alikiezeka nusu tu. Nani angesema? Nilijua atasema haukugusa. Nilitaka uongo uwe wake, mimi nibaki na koti safi. Hiyo ndiyo kweli.

"Umeguswa?" nikamuuliza.

Mfini alikuwa ameinama, mikono magotini, anahema. Akainua kichwa, akanitazama muda mrefu kidogo. Mpaka leo sijui kama alijua kwamba nimeona. Akashika upindo wa shati lake, akautazama kama fundi anayetazama kazi ya mtu mwingine.

"Hapa," akasema. "Uligusa hapa."

Watu wetu wakalipuka. Mtu wa msumeno alimtukana kwa Kiswidi na kwa Kifini, alijifunza matusi yake yote kwa ajili ya siku kama ile. Mfini hakujibu. Alichopeka shati lake ndani ya suruali, akaenda kukaa kwenye nyasi. Nikainua mkono.

"Ametoka. Upande wote umetoka."

Bado ningeweza kuokoka. Watu wa rangi walihitaji mbili, na wa kwanza wao akapiga akafika kigingi cha pili. Akaja kushika rungu yule mzee wao wa vanishi, mjanja wa kungoja. Mtu wetu alirusha mpira mzuri, kimo cha kiuno, palepale alipoonyesha anataka. Akauacha. Nikamwonya. Ukaja wa pili, mbaya, nikanyamaza. Wa tatu haukuwa mbaya sana. Ulikuwa mpira ambao refa akitaka anasema mzuri, na asipotaka hasemi. Watu wangu wote walinitazama. Ningesema tu, "Mzuri, moja!" na mzee angeogopa, angepiga ovyo unaofuata. Nilikuwa nimekwisha kuaibika mara moja asubuhi ile, na Mfini, mtu asiye na elimu kama mimi, alinionyesha mlango wa kutokea. Nikanyamaza.

Wa nne akaupiga. Ukapita juu ya vichwa vya watu wetu, ukadunda mara mbili, ukaingia kwenye vichaka vya mawaridi. Wakati wanautafuta, wawili wakafika nyumbani.

Ishirini na moja. Julai ya watu wa rangi.

Jumatatu nilikwenda ofisini kwa mzee wa karakana kabla sijawasha mashine. Nikamwambia naondoka Julai, nina harusi.

"Mlishindwa," akasema.

"Najua. Nilihesabu mimi."

"Nikikupa wewe, wengine nitawaambia nini? Desturi ndiyo inayotuzuia kupigana. Wewe mwenyewe uliitunza juzi, nilikuona." Akavua miwani. "Nenda baadaye kidogo tu."

"Baadaye ameolewa."

Alikuwa mtu mwema, lakini mwema aliyeogopa watu kumi na saba. "Ukiondoka Julai," akasema, "sitaweza kukuwekea mashine."

Basi nikazima taa ya mashine yangu, mashine yenyewe hata sikuwa nimeiwasha. Patasi zangu sita nilizinunua mwenyewe, zilikuwa mali yangu, lakini siku ile hasira ilinipofusha nikatoka mikono mitupu. Nikapanda ndege Julai ilipovuka katikati. Nilifika Tanga siku tisa kabla ya tarehe ya baba mkwe. Yule anayetokea alikuwepo kweli, nilimwona, mfanyakazi wa reli mwenye saa kubwa ya mkononi. Nilioa mimi.

Tulirudi Stockholm Oktoba, mke wangu na mimi, kibali kikiwa kimebakiza wiki chache na kazi hakuna. Nikamwacha Rågsved akiogopa jiko la umeme, nikaenda mtaa wa Farsta kumtafuta Mfini nyumbani kwake, kumwuliza kama anajua pa kupata kazi. Alifungua mlango, hakusema karibu. Akaingia ndani, akarudi na kitambaa kilichokunjwa. Nikakifungua. Patasi zangu sita, zimenolewa, zimepakwa mafuta zisishike kutu.

"Walitaka kuzigawana," akasema.

Tukakaa jikoni. Mke wake aliweka kahawa. Ndipo nikamwambia yote kwa mara ya kwanza: barua, mwisho wa Julai, mwanamume wa reli. Alisikiliza akizungusha kikombe.

"Kwa nini hukusema kabla?"

"Ningesema, ungejibu haukugusa?"

Akafikiri. Alifikiri kwa kweli, si kwa adabu.

"Hapana," akasema. "Lakini ningekimbia haraka zaidi."

Kwa patasi zile sita nikaanza kazi yangu mwenyewe, kwenye chumba cha chini cha jengo moja hapo Rågsved, kwa mashine mbovu aliyonisaidia kuifufua yeye. Kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa marungu manane, na aliyeyataka ni Mmarekani. Alitaka yawe ya mviringo, unene uliokubaliwa, urefu usiozidi kiasi. Nilimuuliza mbona zamani kila mtu alikuja na rungu la umbo lolote. Akasema ndiyo, mpaka mtu akaja na lililopana kama ubao wa kufulia. Nikaelewa, nikakereza. Niliomba kibali kipya, na miezi michache baadaye watu wa ofisi ya vibali wakaandika jina langu kama mwenye kazi yake, na sijaajiriwa na mtu tena tangu siku hiyo.

Mke wangu hadithi hii nilimsimulia kwa vipande kwa miaka mingi, nikimwonyesha zaidi jinsi nilivyoacha kazi kwa ajili yake. Kipande kile cha kuuliza nilikiruka. Juzi, watoto wakiwa wamekuja na wajukuu wakipiga mpira nje, nilikisema chote, kwamba niliona, na kwamba nilimuuliza ili adanganye yeye.

Akaacha kumenya viazi.

"Baba watoto, ngoja. Kwa hiyo mimi nusura niolewe na reli kwa sababu ya upindo wa shati?"

"Ndiyo."

"Na kama yule Mfini angesema haukugusa, ungempa ile pointi? Na umeona kwa macho yako?"

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikaangalia nje. Mjukuu mmoja alikuwa amesimama na rungu, anangoja mpira anaoupenda, wenzake wanamzomea kwa Kiswidi.

"Ningempa," nikasema.

Alinitazama, kisha akarudi kwenye viazi vyake.

"Haya," akasema. "Angalau ukiulizwa unajibu."